Dawa ya Kichwa

Fundi cherehani alikuwa anashona mapazia, lakini akili haikuwa kwenye mapazia. Alikuwa mjamzito. Chini ya kitovu palimuuma, na uchafu wenye harufu ulimtoka ukeni. Je, mtoto yuko salama? Wasiwasi ulimla.

Jana yake alikwenda kliniki. Lugha ya mji ule ilimpiga chenga, kwa hiyo muuguzi akamwitia mkalimani wa kabila lake. Mlango ukafunguliwa, akaingia nani? Wifi yake! Dada wa mume, mzima mzima!

"Haya, sema unaumwa nini," wifi alimwambia.

Watu wa kabila lao mjini pale walikuwa wachache, na wote walijuana. Likisikika leo, kesho liko kila nyumba.

"Kichwa," alijibu. "Kichwa tu, wifi."

Akapewa dawa ya kichwa. Kichwa kizima, tumbo linawaka moto!

Sasa jirani yake, mhudumu wa afya, alimkuta amejikunja kwenye cherehani. Jirani alikuwa wa kabila jingine, ila lugha yao aliibabaisha.

"Mama kijacho, una nini?"

Fundi akaangua kilio, akamweleza yote.

"Pole, dada. Hayo huenda ni maambukizo. Mengine hupatikana kwa kujamiiana. Yanatibika, lakini ukichelewa, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati."

"Nitasemaje mbele ya wifi?"

"Kwani lazima yeye? Una haki ya kuomba mkalimani mwingine. Mwanamke, asiye ndugu, hata wa kwenye simu, aliye mbali. Jina lako hataambiwa."

Wakaenda kliniki pamoja siku ileile, wakaomba mkalimani wa simu. Kwenye simu ikasikika sauti ya mama mmoja, kwa lugha yao: "Sema, mwanangu, usiogope." Akasema yote. Akapimwa, akakutwa na maambukizo yale ya kujamiiana, akapewa dawa isiyodhuru mimba. Mume naye akaitwa.

"Mimi siumwi!" mume alinuna.

"Unaweza kuwa na maambukizo bila kuumwa," muuguzi alimwambia. "Usipotibiwa, utamrudishia mkeo."

Akapimwa, akameza dawa.

Tangu siku hiyo, muuguzi huuliza kila mgeni kwanza: "Unataka mkalimani gani?"

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mnene, mwenye kelele. Wifi alikuja kumpakata.

"Na kile kichwa chako, wifi?"

"Kilipona," fundi alisema, huku akimfunika mwanawe vizuri. "Kilipona kabisa."