Kifungio cha Mashine ya Mbarouk

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa mbili na nusu asubuhi. Mvua ya rasharasha ilikuwa imekatika, na kibaridi kilikuwa bado hakijaondoka. Katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake huko Miburani, Mbarouk alisimama mbele ya mashine ya kuchonga chuma. Mkononi alishika shafti ya boti, mhimili wa chuma unaozungusha propela. Mfereji alioutoboa ubavuni mwake, wa kushikia propela, ulikuwa umekwenda upogo.

Chuma kile kililetwa na Iddi, nahodha wa kisiwa cha Bwejuu. Bila shafti, boti yake haiwezi kuvusha watu. Mbarouk alibakiwa na chuma kimoja tu cha kufaa, nacho alikiweka kwa ajili ya pampu ya kisima chake.

"Nani kaanika papa humu?" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Bi Ruwaida, jirani yake, mwalimu mstaafu wa ufundi wa vyuma.

"Shikamoo, Bi Ruwaida."

"Marahaba. Nijibu."

"Ni sifa, mafuta ya ini la papa. Hewa ya chumvi inakula chuma, nikaipaka mashine yote."

Saleha, mkewe, alicheka uani. "Mwambie, Bibi! Hata kanzu yake ya Ijumaa inanuka jahazi."

"Mbao za jahazi zinapenda sifa, mashine haipendi," alisema Bi Ruwaida. "Sifa ikikauka hunata kama ulimbo, ikakusanya unga wa chuma. Je, ulikifunga kitelezi kabla ya kuchonga?"

Kitelezi ni sehemu inayobeba meza ya mashine na kuisogeza.

"Nilikifunga kwa spana, tena nikaongeza bomba kwenye mpini."

"Mwanangu wee! Kwa nguvu zote hizo, umekaza ulimbo tu."

Mbarouk aliona haya, lakini hakubisha. Alizima mashine, akachomoa waya wa umeme. Alipofungua skrubu ya kifungio cha kitelezi, alikuta tundu limejaa uchafu mweusi. Aliusafisha kwa mafuta ya taa, kisha akapaka mafuta laini ya mashine.

"Tazama na hapa," Bi Ruwaida alionyesha. "Ncha ya skrubu imelichimba bapa la chuma linalobana kitelezi. Kila ukifunga, bapa linasukumwa, kisha meza inahama. Tia kipande cha shaba katikati. Shaba ni laini. Hubana bila kuchimba."

Mbarouk alikata shaba, akaitia. Kisha akazigeukia skrubu ndogo za ubavuni zinazolisogeza bapa.

"Kaza kidogo kidogo. Meza iende kwa uzito kidogo, lakini isicheze."

Aliweka saa ya kupimia msogeo kando ya meza, akafunga kifungio kwa mkono, bila bomba. Mshale haukusogea.

"Sasa umefunga. Ila upande ambao meza inakwenda ukichonga, usiufunge."

Mbarouk alikitazama chuma cha pampu. Kikiharibika hiki, boti ya Iddi italala. Alipiga bismillahi, akarudisha umeme, akachonga polepole. Mfereji ulitoka mnyofu.

Alasiri Iddi alifika, akaupima mfereji kwa kidole, akatabasamu.

"Lakini chuma hiki si changu, fundi."

"Chako nilikiharibu mimi. Hiki ni badala yake."

"Basi nikuletee hata pweza."

"Pweza mpelekee Bi Ruwaida. Mimi nilikuwa na deni la chuma, na nimelilipa."

Iddi aliweka shafti begani, akashika njia ya pwani.