Alisahau Kuuliza "Niko Wapi?"

Haya nimeambiwa na Novatus mwenyewe, mjukuu wangu, Jumapili ya juzi, mimi namenya ndizi, yeye kainamisha kichwa. Nilimwambia aseme polepole, ndizi zilikuwa bado nyingi.

"Uko wapi?" Kokwijuka, mchumba wake, karani wa kitalu cha chama huko Kaisho, alimuuliza kwenye simu, Alhamisi saa tisa alasiri.

"Niko kwako."

"Kwangu wapi, na wewe uko Kayanga? Mimi niko hapa Kaisho, watu wamejaa mlangoni wanataka miche ya kahawa."

"Moyo ndio uko Kaisho. Kazini umebaki mwili tu."

"Mwongo wewe! Keshokutwa ukija na wazee wako, useme hivyo hivyo mbele ya baba, nikuone!"

Novatus akacheka, simu kaibana kwa bega, vidole vikiendelea kuandika.

Kazi yake ni uchungaji, ila hachungi ng'ombe. Ziko kompyuta za mbali zilizofungwa pamoja, wao wanaziita kundi. Ndani yake kuna makasha, wanayaita kontena: moja linapokea majina ya wakulima wanaotaka miche, moja linawatumia namba ya zamu kwenye simu, moja linatunza orodha. Yeye huyaongoza kwa kuandika amri tu, mstari kwa mstari kwenye kioo cheusi. Kasha moja likifa, jingine huchipua lenyewe, kama mgomba. Lakini ukiamuru boma zima, ndilo zizi la makasha yote ya kazi moja, lifutwe, umeng'oa mpaka shina.

Na makundi yalikuwa mawili: la majaribio na la kazi. Ndiyo maana mchungaji wa namna hiyo, kabla ya kufuta chochote, huiuliza kwanza mashine: niko wapi? Nayo humjibu.

Siku ile aliulizwa na mchumba, akajibu kwa mahaba. Mashine hakuiuliza. Akaamuru boma lifutwe, akidhani ni la majaribio, akabonyeza.

Kumbe kasimama kwenye kundi la kazi, na boma lililofutika ni la wakulima.

"Nova? Mbona kimya?"

"Nitakupigia," akasema, akakata simu.

Hakulala. Alfajiri makasha yote yalikuwa yamesimama tena, ila orodha ilikuwa nakala ya akiba ya Jumapili. Watu sitini na mmoja walioandikishwa baada ya hapo hawakuwemo.

Asubuhi bosi wake, Abdulkarim, akaingia.

"Kaisho wanalalamika majina yamepotea. Nini hicho?"

"Ni... hitilafu, bosi."

"Hitilafu gani! Atakuwa yule karani wao amefuta, awape ndugu zake. Au siyo?"

Novatus akatazama kioo. Neno moja lingetosha. Halikutoka.

"Basi nitawaambia hivyo," bosi akasema, akatoka.

Saa nne simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Kokwijuka watu walikuwa wanapiga kelele.

"Namba yangu hii hapa kwenye simu!" Huyo ni Elipidius, mkulima mwenye mdomo kama upawa. "Jina langu umelipeleka wapi, binti? Umempa shangazi yako? Mvua inaanza, nipande nini, majani ya chai?"

"Nova, nisaidie," Kokwijuka akasema huku analia. "Ofisi yenu imewaambia ni mimi. Wananiita mwizi. Waambie mashine imekosea."

"Nitaangalia, Koku."

"Utaangalia?"

"Ndiyo... nitaangalia."

Jioni ukaja ujumbe:

"Baba amesema kesho msije. Anasema mwenye binti mwizi hana uso wa kupokea wageni. Nisamehe Nova, nimekuaibisha kwa wazee wako."

Nisamehe! Aliusoma akajifunika uso kwa viganja, na mle chumbani alikuwa peke yake.

Jumamosi hakwenda na wazee. Alipanda pikipiki na kompyuta mgongoni, mpaka kwenye kitalu cha chama. Watu walikuwa wamerudi, wamesimama na simu zao mikononi. Ta Rwegoshora, Ta ndiyo Mzee kwetu, baba yake Kokwijuka na mzee wa kanisa, alikuwa pembeni kashika kofia, hakuna aliyemsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikusema msije?"

"Nimekuja peke yangu." Akawageukia watu. "Jamani, Kokwijuka hakufuta jina la mtu. Nimefuta mimi. Nilikuwa kwenye simu, sikutazama nimesimama wapi."

"Lini?" Kokwijuka akauliza.

"Alhamisi."

"Kwa hiyo jana nilipokupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuomba msamaha?"

"Hata hapo." Machozi yalimlengalenga.

"Mawe, mama wee!" Elipidius akapiga makofi. "Kumbe mwizi ni mkwe!"

"Wewe nyamaza," Kokwijuka akamkatiza. "Jana ulikuwa unajua kila kitu."

Ta Rwegoshora akavaa kofia yake.

"Kijana, kukosea si ajabu kwa binadamu. Lakini umemwacha mwanangu anatukanwa siku nzima, na wewe ulimi unao."

"Ndiyo, baba. Bosi pia nimeshamwandikia ukweli."

"Basi kaa chini ufanye kazi."

Akakaa juu ya kreti la miche. Mmoja mmoja wakaleta simu zao, Kokwijuka anasoma ujumbe na namba, yeye anaandika. Kila alipotaka kubonyeza, Kokwijuka alimsimamisha mbele ya watu, kwa sauti:

"Uliza kwanza uko wapi."

Akauliza, mashine ikajibu, akabonyeza. Mara sitini na moja. Wazee wakaanza kucheka, naye masikio yanawaka moto. Wa mwisho alikuwa Elipidius.

"Pole, binti yangu," akasema, akatazama viatu vyake.

"Chukua miche yako, baba. Mvua haisubiri pole."

Saa tisa walikuwa nyumbani kwa Ta Rwegoshora. Mama yake Kokwijuka akateremsha ndizi na maharage.

"Sijakusamehe," Kokwijuka akamwambia, akimsogezea sahani. "Kula."

"Asante."

"Siku nyingine ukinyamaza, mimi sitalia. Nitaondoka."

"Nimesikia, Koku."

"Wazee wake waje Jumamosi ijayo," Ta Rwegoshora akasema kwa mkewe, kana kwamba Novatus hayupo. "Huyu peke yake hatoshi."

Novatus alitaka kushukuru. Kope zilikuwa zinamwangukia, sahani mapajani, tonge bado mkononi. Siku mbili hajafumba jicho, na kusinzia mbele ya wakwe ni aibu nyingine.

"Nova," Kokwijuka akamwita taratibu. "Uko wapi?"

"Niko Kaisho," akajibu, bila mbwembwe safari hii. "Niko ukweni, na nina aibu."

Kokwijuka akamtoa tonge mkononi, akairudisha sahani mezani. Kichwa cha Novatus kilikuwa kimeshaegemea ukuta, mdomo wazi, jua la alasiri likimpiga usoni. Alikuwa amelala.