Jina Kichwani mwa Bikira

Dhahabu ilikataa kushika. Hapo ndipo Neri, mchoraji na mchongaji aliyejiona fundi kuliko Siena nzima, alipoanza kutoka jasho. Na mimi, niliyetoroka shule kabla sijajua kuandika hata jina langu, namwambia msomi yeyote abishe: jani la dhahabu halikatai bure. Unaupumulia udongo mwekundu uliopakwa juu ya mti, ulowe kidogo, unalaza jani, linanata. Neri aliupumulia uso wa sanamu ya mti ya Bikira Maria. Pumzi ikamrudia puani, ya baridi, inanuka mbao mbichi.

Bikira yule alichongwa na shemeji yake, Bindo, aliyekufa kwa homa. Bindo, kama wachongaji wetu wafanyavyo, alikuwa ametoboa kichwa cha sanamu akaficha kipande cha ngozi chenye jina lake, ili kila atakayepiga magoti pale aiombee roho yake bila kujua. Neri alikitoa, akakichoma kwenye jiko la gundi ya kwato, akaweka chenye jina lake mwenyewe. Mwizi wa kuku ana haya kuliko huyu.

Tessa, mkewe, dada wa Bindo, ndiye aliyesikia patasi ikigonga ndani ya kichwa kile. Akamnong'oneza mumewe. Neri akasema ni mchwa.

Kesho yake mchana sauti ikahama, ikashuka shingoni mwa sanamu, ikavuka meza ya rangi ikiponda maganda ya mayai ya kuchanganyia rangi moja baada ya jingine, ikapanda mguu wa Neri, ikapita tumboni, na ilipofika kifuani akakohoa, akatema maranda mabichi, akakohoa tena, akatema tena, na mkono wake wa kushoto, ambao hata kijiko haukujua kukishika, ukanyanyuka wenyewe ukachukua patasi, vilevile kama alivyoichukua Bindo, aliyekuwa wa shoto.

Padre Ugolino akaja na maji ya baraka. Akauliza ni nani aliyemo.

"Muulize shemeji," kikajibu kinywa cha Neri. "Yeye ndiye fundi wa majina."

"Unataka nini?"

"Kuombewa. Nimechomwa pamoja na gundi, Padre. Bado nanuka kwato."

Padre akamsihi Neri: akiri mbele ya watu, jina lirudishwe, roho itatoka kwa amani. Ikatoka sauti ya Neri mwenyewe, nyembamba.

"Sanamu ni yangu."

"Mmesikia," ikasema ile nyingine. "Sanamu yake. Mwili wangu."

Padre akainua maji amfukuze. Tessa akamshika kifundo cha mkono.

"Mwache, Padre."

"Binti, mumeo yumo humo."

"Najua aliko."

Akamsindikiza Padre hadi mlangoni, akamshukuru kwa adabu, akafunga. Kisha akapakua supu ya kunde. Yule mtu akaketi akala kwa mkono wa kushoto, na kutoka chini kabisa ya koo lake, kila alipomeza, Neri akaita, "Tessa, Tessa."

Tessa akamkatia mkate.

"Kula, kaka," akasema. "Usimsikilize."