Mizizi ya Kahawia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sol-mi aliingia kwenye banda la plastiki kusikiliza pampu. Ikinguruma, alijua maji yanapita mabombani na letusi zilizopandwa humo, bila udongo, ziko salama. Asubuhi hiyo pampu ilinguruma vizuri, lakini letusi zilikuwa zimelala. Majani yalining'inia kama matambara, ingawa mizizi ilikuwa majini.

“Juzi ilikuwa safu ya mlangoni tu,” mama yake alisema kwa sauti ndogo. “Leo ni nusu ya banda.”

Mama alipoona majani yanageuka manjano, alimimina mbolea zaidi ndani ya tangi. Kesho yake hali ikawa mbaya zaidi.

“Zikifa hizi, Sol-mi, narudi kiwandani, mjini Daegu. Wewe utabaki na Bibi. Je, hukugusa tangi hili?”

Sol-mi aliinama. Tangi lilitoa harufu ya kitu kilichochacha, na yeye alijua kwa nini.

Jumamosi akaja Mjomba Gi-tae, mkulima wa stroberi za majini ng'ambo ya mto.

“Dada, umezinywesha letusi hizi pombe?” alitania.

Aling'oa letusi moja. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe ilikuwa ya kahawia, inateleza, na ilikatika vidoleni mwake.

“Hii si njaa. Mizizi imeoza, ndiyo maana jani lina kiu ndani ya maji. Na mbolea unayoongeza inazidi kuiunguza.” Alitia mkono tangini. “Maji hayana joto. Hewa inaingia. Basi kuna kitu kimetiwa humu. Tusipokijua, tutasafisha leo na mizizi itaoza tena.”

Pampu iliendelea kunguruma. Sol-mi aliona kama kila mngurumo unasukuma uozo kuelekea safu zilizobaki.

“Mjomba… ni mimi. Nilitia maji ya kuoshea mchele. Bibi humwagia pilipili zake uani, na zinanawiri.”

“Mara ngapi?” mama yake aliuliza.

“Kila jioni.”

“Na nilipokuuliza, ukaninyamazia!”

“Niliogopa, Mama. Zilikuwa zimeshaanza kufa.”

“Bibi hajakosea,” Mjomba alisema taratibu. “Udongo unayameza maji yale. Kwenye tangi yanachacha tu, na vijidudu vya kuozesha vinapata karamu. Haya, zima pampu!”

Walimwaga maji yote, wakasugua tangi na mabomba kwa dawa ya kuua vijidudu, wakayasuuza. Letusi zilizooza kabisa walizitupa. Nyingine walizikata mizizi mibovu, wakazirudisha kwenye maji safi yenye mbolea kidogo.

Wiki iliyofuata Sol-mi aliinua letusi moja kwa woga. Chini yake zilikuwa zimechipua nyuzi nyeupe.

“Mama! Njoo uone!”

Mama aliziangalia, kisha akamshika bega. “Daegu siendi. Lakini sikiliza, mwanangu. Kosa lako lingeishia safu moja. Kunyamaza kwako ndiko kulikolieneza banda zima. Siku nyingine ukikosea, niambie siku hiyohiyo, hata kama nitafoka.”