Sumaku ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi mama alikuwa wa kwanza kukaa kwenye cherehani, na binti yake alikuwa wa kwanza kuchoka kukaa. Mama alimwita Kiguu na Njia tangu alipoanza kutembea, na sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, jina hilo lilikuwa bado linamkaa vizuri. Akifagia, aliuacha ufagio katikati ya chumba akachungulie barabarani. Ukimtuma chumvi, alirudi na habari za mtaa mzima, chumvi kaisahau dukani.

Kitu kimoja tu kiliweza kumkalisha, nacho ni kompyuta iliyokuwa kwenye meza ya kona, karibu na kabati la vitambaa. Mama alipompima mteja alitaja namba kwa sauti, "Bega kumi na sita, kiuno thelathini na mbili," na Kiguu na Njia aliziandika palepale. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, mpaka mama akaliacha daftari lake la zamani.

Wiki moja walikuwa wamewapima wauguzi ishirini na wawili wa hospitali ya jirani. Sare zilitakiwa Jumatano, siku ya kufungua wodi mpya. Mama hakuwahi kupewa kazi kubwa kama hiyo, naye alikuwa ameahidi kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumamosi ya wiki hiyo, asubuhi, kulikuwa na mteja mmoja mlangoni akisubiri gauni lake. Mama alilitandaza mezani, akapitisha sumaku polepole juu ya kila mshono.

"Mama, mgeni ana haraka!" alisema Kiguu na Njia. "Kwani mwaka huu umekuta pini ngapi?"

"Moja."

"Moja tu? Na kila siku unahangaika hivyo?"

"Moja inatosha kumchoma mtu," alijibu mama, akaendelea.

Mteja alipoondoka, mama alichukua mkoba. "Nafuata uzi. Niwashie kompyuta, nikirudi tunaanza kukata. Na usicheze, unanisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli, lakini kusikia ni jambo moja, kutii ni jingine. Kompyuta ilipowaka, ilimwomba ruhusa ya kujisasisha, kama ilivyoomba kwa miezi miwili. Alibonyeza "Baadaye", kama alivyofanya kwa miezi miwili. Kisha akafungua ukurasa wenye mchezo wa mbio za magari, wa bure kabisa, akaanza kupakua faili lake. Programu ya kuzuia virusi ikamwonya kwa maandishi mekundu kwamba faili hilo ni hatari.

"Nawe umezidi kelele!" aliiambia programu hiyo, akaizima na kulifungua faili. Dakika tano tu, aliwaza, kisha nitaiwasha.

Gari halikutokea. Skrini ilipepesa, na mafaili ya mama yakabadilika majina moja baada ya jingine. Alipobonyeza faili la wauguzi, halikufunguka. Badala yake yakatokea maneno: "Kompyuta hii imefungwa. Piga namba hii upate msaada."

Aliizima kompyuta, akaiwasha, maneno yakarudi. Alikwenda mlangoni, akarudi mezani, akanywa maji bila kiu, akaenda tena mlangoni. Aliishika simu ya nyumbani apige ile namba, akaiweka, akaishika tena. Ndipo aliposikia viatu vya mama.

"Umeme ulikatika!" alisema, hata kabla hajaulizwa. "Ukaharibu kompyuta."

Mama aliitazama pasi ya umeme iliyokuwa kando ya cherehani. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka, na pasi ilikuwa ya moto kama alivyoiacha.

"Huo umeme ulikatika kwenye kompyuta peke yake?" aliuliza.

Kiguu na Njia aliangua kilio, akasema yote. Mama hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Aliweka uzi mezani, akampigia fundi kompyuta wa mtaa wa pili, akamweleza.

"Chomoeni intaneti sasa hivi," ilisikika sauti ya fundi. "Namba hiyo msiipige, ni ya wezi haohao. Na msimpe mtu yeyote neno la siri. Nakuja."

"Shikamoo," Kiguu na Njia alimwamkia fundi alipofika, macho chini.

"Marahaba, mwanangu." Fundi aliichunguza kompyuta, akageuka. "Nakala mnazo? Kwenye flashi, au hata kwenye karatasi?"

"Hatuna," alijibu mama. "Daftari nililiacha."

"Basi vipimo hivyo vimekwenda. Itabidi niichukue kompyuta, niifute yote, nianze upya."

Mama alisimama, akavaa futi ya kupimia shingoni. "Twende hospitali. Utawaeleza wewe."

Ilikuwa safari fupi, lakini siku hiyo Kiguu na Njia alitembea taratibu kuliko siku zote. Alisimama mbele ya muuguzi mkuu, akasema ukweli wote. Muuguzi mkuu akamtazama mama, akasema, "Mtawapima leo na kesho, wakati wa mapumziko tu. Wagonjwa hawasubiri."

Wakapima upya mmoja mmoja. "Mwanangu," alitania muuguzi mmoja mnene, "kiuno changu kikizidi leo, nitasema kimeongezwa na mchezo wako!" Kiguu na Njia hakucheka. Aliandika kila namba daftarini, na kila namba aliisoma tena kwa sauti.

Jumanne jioni sare zote zilikuwa zimekunjwa. Kiguu na Njia alichukua sumaku mwenyewe, akaipitisha kwenye kila mshono bila kuharakisha. Kwenye sare ya kumi na tisa ilisikika sauti ndogo: tik! Pini ilikuwa imejificha ndani ya kola. Alimwonyesha mama.

Siku ya pili yake wauguzi walivaa, na hakuna aliyechomwa. Fundi alirudisha kompyuta, na Kiguu na Njia akaandika vipimo upya, nakala moja ikawekwa kwenye flashi ndani ya kopo la vifungo. Mara kompyuta ikaomba kujisasisha. Nje, rafiki zake walikuwa wakimwita kwa jina lake la utani. Aliusogeza mkono kuelekea "Baadaye", akasita, akabonyeza "Sasa". Kisha akakaa, miguu ikichezacheza chini ya meza.

Mama alisimamisha cherehani. "Ile programu uliyoizima ndiyo sumaku yangu, mwanangu. Siku zote inaonekana inatuchelewesha, mpaka siku inapokuta pini. Na ungeushikilia ule uongo wa umeme, tungechelewa kutafuta dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimekuelewa, mama."

"Nimekuona," alisema mama. "Umekaa."