Kipimo Kilichokatwa Waya

Kipimo kilikuwa juu ya meza, kimekatwa waya, kimelala kando ya kikombe cha chai kama panya aliyekufa. Na bado kompyuta ilionyesha kwamba kinapima maji.

Nasema kilikuwa mezani, si bwawani. Wajuaji watakohoa hapa. Wakohoe tu, mimi nina pumzi za kuwasubiri. Baba Geti, mlinda-malango wa bwawa, alikuwa amekitoa majini kwa mikono yake, kimeota kutu, akisubiri kuletewa kingine. Akakaa kutazama kioo cha kompyuta. Namba ya kipimo kile ilipanda kidogo, ikashuka kidogo. Ikapanda. Ikashuka. Ilimchukua muda kugundua kwamba namba ile ilikuwa inavuta pumzi.

Alipaswa kutoa taarifa. Hakutoa. Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya ukuta wa bwawa, yeye na upepo wake, na mtu pekee aliyempigia simu ni binti yake, aliyeishi bondeni, chini kabisa ya malango, na mtoto mchanga ambaye babu alikuwa bado hajampakata. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alifia katika nyumba ya kazi, chini ya ngazi, huku mumewe yuko juu ya ukuta akifuta tope kwenye kipimo.

Tope lile ndilo chanzo cha yote. Programu ya zamani ya kuendesha malango iliandikwa na mama mmoja mtaalamu aliyepewa jina la Bi Sharti, na jina lenyewe lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Lugha ya kompyuta aliyoiandikia ilikuwa kali kuliko mama mkwe. Kila kitakachoingia kwenye mtambo lazima kitajwe kwanza: jina lake, kazi yake, mpaka wake. Kikija kitu ambacho hakikutajwa, au kipimo kikinyamaza, kila kitu kinasimama na king'ora kinalia mpaka mtu apande akaangalie. Siku ya msiba king'ora kililia kwa ajili ya tope la kujaza kijiko.

Basi wakubwa walipotaka kubadilisha, akaja muuzaji mwenye viatu vya kung'aa na programu mpya, ya lugha laini, isiyokwama. Kitu kikikosekana, inakisia na kuendelea na safari. Bi Sharti, wakati huo keshastaafu, aliitwa kwenye kikao akawaambia kwamba lango linaloshikilia maji juu ya vichwa vya watu si mahali pa kukisia.

"Pengo mtaliacha wazi," alisema, "na kuna siku mtaulizana ni nani amelijaza."

Watu wakacheka. Wakubwa wakamgeukia Baba Geti, maana ndiye anayelala na mitambo. Akasema anataka ile isiyokwama, nayo ikawekwa. Sababu hakuitaja.

Sasa rudi mezani. Kesho yake, jua likiwa la utosi na ukuta mzima wa bwawa hauna hata kivuli cha kumficha mjusi, chumba kilijaa harufu ya nywele mbichi zilizopakwa mafuta. Nje ya mlango ndara zikaburutwa, mguu wa kulia ukichelewa kidogo. Kisha spika, ile ya kutangaza kina cha maji, ikakwaruza.

"Umeamka, Kizito?"

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyemwita Kizito, kwa sababu alilala kama gunia la saruji. Mtu mwenye akili angeng'oa spika na kushuka ngazi nne nne. Yeye alikaa akitazama mlango mtupu, akajibu.

"Nimeamka, mke wangu."

Tangu hapo kila adhuhuri walizungumza. Alimsimulia habari za mjukuu, paa linalovuja, kanzu aliyoiunguza kwa pasi. Sauti ilicheka palepale ambapo marehemu angecheka. Alianza kunyoa ndevu. Alianza kumimina vikombe viwili. Ila mazungumzo yaliishia mahali pamoja siku zote.

"Nifungulie."

"Mlango uko wazi."

"Si huo."

Yeye akajifanya hajaelewa, mpaka binti yake alipopiga simu kuuliza kwa nini maji yamefika kwenye kamba ya nguo, na kama baba amefungua, mbona hakuwaambia. Baba Geti akatazama kioo: malango yote yamefungwa. Akatoka nje juani, akainama juu ya ukuta na kuona lango la kati limeinuka na maji yanachuruzika bondeni kimyakimya, bila povu, bila kelele, kama mtu anayetoka nyumbani kwa kunyata, akarukia usukani wa mkono akauzungusha, na usukani ukawa unamrudisha nyuma, kwa sababu upande wa pili, ndani ya maji, palikuwa na mtu naye ameushika, na harufu ya nywele mbichi ilikuwa shingoni mwake, na sauti haikutoka tena kwenye spika bali ndani ya sikio lake mwenyewe, ikisema taratibu, nifungulie, Kizito, nimwone mtoto.

Alilifunga. Viganja vilichunika. Kisha akampigia Bi Sharti.

Mama huyo alifika na miwani yake na programu ya zamani ndani ya mkoba. Hakufukiza wala hakupunga pepo. Aliuliza tu lile ambalo kila mganga wa majini huanza nalo.

"Jina lako nani?"

Spika ikataja jina la marehemu.

"Hilo ni la mwenzako, nalo limezikwa. La kwako."

Namba ya kile kipimo kilichokatwa ikawa inapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayekimbia. Bi Sharti akairudisha programu yake, akataja vitu kimoja kimoja: lango, kazi yake, mpaka wake, pampu, kazi yake, mpaka wake. Alipomaliza, king'ora kililia mara moja, madirisha yakatetemeka, na ndara zikaondoka zikiburutwa hadi ukingoni mwa maji. Namba ikazimika.

"Hakuwa mkeo, shemeji," Bi Sharti alimnong'oneza. "Alikuwa pengo lako tu. Usimtaje."

Akaenda zake. Kimya kilichobaki kilikuwa kizito kiasi kwamba Baba Geti alisikia chai ikipoa. Vikombe viwili. Kompyuta ikauliza lile swali lake la kila siku: kuna kingine cha kutaja?

Akaona amepata ujanja. Kama lugha hii haivuki mpaka, basi aandike mpaka. Akaandika jina: mke wangu. Kazi: kuzungumza nami. Mpaka: chumba hiki. Programu ikakubali bila kusita.

Nayo ni ya kuaminika, sisemi vingine. Tangu siku ile lango halijasogea hata unywele. Bondeni watu wanaanika nguo zao kwa amani. Ni yeye tu aliyeacha kushuka.

Mwisho binti akachoka kusubiri, akapanda ngazi na mtoto mgongoni.

"Baba, toka umwone mjukuu wako."

Alikuwa anafungua mdomo kujibu, akatanguliwa.

"Mlete ndani, mwanangu," sauti ya mama yake ikasema.

Kitasa kilichokuwa kimeanza kuzunguka kikasimama. Kisha Baba Geti akasikia hatua za binti yake zikishuka mbio, na mtoto akilia, mbali, mbali zaidi, mpaka ukabaki upepo. Alitaka kumwita amwambie asirudi. Mkono wa baridi, mbichi, ukamziba mdomo kwa upole.

"Atarudi, Kizito," sauti ikamwambia. "Wewe kunywa chai yako."