Aliyerudi na Duarte Kutoka Baharini

Violante alianza kushuku siku alipokuta mkate wa mumewe umeng'atwa na watu wawili. Meno ya Duarte aliyajua, jino moja la mbele lilikuwa limevunjika. Upande wa pili palikuwa na alama ndogondogo, kali kama za msumeno, na mkate pale umelowa maji ya chumvi.

Duarte alikuwa nahodha wa Vila do Conde, mji wa mafundi wa merikebu kwenye mlango wa mto Ave. Alitumwa Malaka, bandari ya mashariki ya mbali, kuleta karafuu za mfalme. Wakati wa kurudi, merikebu ikazama karibu na Rasi ya Tumaini Jema, akapona peke yake. Mji ulimpokea kwa kengele za kanisa. Lakini tangu arudi, kila mchana akishakula hupanda chumba cha juu na kujifungia.

"Wifi, mwanamume akijifungia mchana kweupe hasali rozari," alisema Briolanja, dada yake Duarte, akiparua samaki uani. "Huyo ana mtu."

"Mtu gani? Mlangoni kwangu hapiti hata paka nisimwone."

"Basi jiulize anapitia wapi."

Maneno yale yalimchoma. Akaanza kunusa mashati. Yalinuka karafuu, na chini ya karafuu, kitu kilichooza majini. Kwenye kitana chake mwenyewe akakuta unywele mrefu, mweusi, umelowa, na yeye nywele zake ni za rangi ya mchanga. Hakulia. Aliusokota kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi, akiapa kumnyonyoa mwenye unywele ule, awe nani awe nani.

Mchana mmoja, mji mzima umejilaza kwa joto, akapanda ngazi pekupeku. Ndani, mwanamke alikuwa akicheka taratibu. Akausukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka, akamwona Duarte amelala sakafuni, kichwa kimeinuka kama kilichowekwa juu ya mapaja ya mtu, na mtu hayupo, na nywele zake zinagawanyika zenyewe kama zinazochanwa na vidole, na maji yanamdondokea usoni kutoka hewani, kisha kicheko kikakatika, na Violante akahisi kitu kimegeuka kumtazama, kinampima kuanzia miguuni mpaka usoni, kama mwanamke anavyompima mke mwenza.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"Hakujua kama nina mke," Duarte alijibu. "Nilikuwa nimeng'ang'ania ubao, wenzangu wote wamekwisha. Akatokea majini, akaniambia, 'Kuwa wangu, utaishi.' Nikakubali."

"Ukamficha kwamba nipo!"

"Ungekuwa wewe, ungesema?"

Kesho yake akaitwa Bibi Mécia, mganga wa mtaa wa wavuvi. Alifukiza majani machungu mpaka chumba kikajaa moshi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu wa bahari haondoki kwa moshi mtupu. Anataka kusikia kwa kinywa chako. Duarte, mwanangu, mtaje mkeo."

Duarte akageuza uso. Aliitazama kona tupu ya chumba, macho yamelegea. Hapo ndipo Violante alipoelewa kwamba mumewe hakuwa mateka tu. Alikuwa akipenda.

"Sema!" Violante alimtikisa bega kwa wivu. "Sema jina langu, mwoga wee!"

"Violante," akasema hatimaye. "Mke wangu ni Violante."

Madirisha yakafunguka kwa kishindo. Maji yakashuka ngazi, yakatoka nje, yakateremka mtaani hadi mtoni. Bibi Mécia akapiga ishara ya msalaba. "Amelisikia jina lako," alisema.

Jumapili, Duarte alirudi kutoka misani, uso umechangamka. Akaita tangu mlangoni, "Violante!"

Violante alikuwa jikoni. Akafungua kinywa kuitika, sauti haikutoka. Akajishika koo, akajaribu tena. Kimya.

Kutoka chumba cha juu, sauti yake mwenyewe ikaitika, tamu kuliko alivyowahi kuitoa: "Nipo huku, mume wangu. Panda."

Duarte akapita mlango wa jikoni bila kutazama ndani, akazipanda ngazi akikimbia.